Usitume hiyo kazi! Soma hapa kwanza kabla hujachangia mradi wa programu huria

Mkuu, hiyo folda unayoiandika upya, iache kwanza. Umeuliza mengi: lugha gani inafaa, Git (chombo cha kutunza historia ya mabadiliko ya programu) uijue kiasi gani, miradi ya programu huria, zile zilizo wazi kwa yeyote kuzisoma na kuzichangia, inapatikana wapi, kama kuchangia kunaleta ajira. Lakini katikati umepenyeza kasentensi kwamba unataka "kuisafisha kodi yao yote halafu niwatumie kwa mpigo mmoja, waone uwezo wangu" (kodi, yaani maandishi ya programu). Hapo ndipo niliposimama, maana hiyo njia naijua hadi mwisho wake.

Mimi nilianzia kwenye maktaba ndogo ya lugha ya Python, yaani kodi ambayo programu nyingine huitumia, ya kusoma mafaili ya CSV (majedwali ya maandishi tupu). Hitilafu ilikuwa moja: ukiipa faili tupu, programu inakufa. Dawa yake mstari mmoja tu wa kuangalia kama orodha ina kitu. Nikaona mstari mmoja ni aibu, mtu mzima na akili zake atume mstari mmoja? Nikaandika upya moduli nzima, yaani sehemu yote ya kodi yenye hitilafu hiyo. Nikabadili majina ya vigeu, nikavunja funksheni ndefu, nikahamisha mafaili. Na kihariri changu, programu ninayoandikia kodi, kilikuwa kinajipangia kodi chenyewe kila nikihifadhi, basi alama zote za nukuu moja zikageuka mbili, mistari mirefu ikakatwakatwa. Ukurasa wa mabadiliko ukawa mwekundu (kilichofutwa) na kijani (kilichoongezwa) tangu juu hadi chini. Ule mstari wa maana ulikuwa umezikwa humo ndani, hata mimi mwenyewe niliutafuta kwa taabu.

Kimya. Wiki zikapita. Mimi huku nishajiandika "mchangiaji" kwenye wasifu, maana unyenyekevu haukuwa kipaji changu. Siku mtunzaji mmoja wa mradi, anayeamua kipi kiingizwe, alipojibu, alijibu kwa upole unaouma kuliko tusi: asante sana, ila moduli hii tunaiondoa kwenye toleo lijalo. Akaweka kiungo cha mjadala. Ishu yenyewe, yaani taarifa ya tatizo au kazi iliyowekwa kwenye mradi, ilikuwepo tangu kabla sijaanza, tena imebandikwa juu kabisa ya orodha. Ombi langu la kuingiza mabadiliko (pull request) likafungwa, na kukesha kote kule kukaenda na maji.

Aliyenituma huko ni mwalimu mmoja wa video, yule wa "usiombe ruhusa, kwenye programu huria watu wanaheshimu kazi, si maneno". Baadaye nikapitia akaunti yake: michango yote iko kwenye ripo (hifadhi za kodi) zake mwenyewe! Mwalimu wa kuogelea ambaye hajawahi kulowa. Na mimi nilimlipa kwa kumsikiliza na matangazo yake juu.

Wa aina yake wapo wengi. Oktoba 2020, kwenye Hacktoberfest, mashindano ya kuchangia programu huria ambako wakati huo ukituma maombi manne ulikuwa unapewa fulana, watu walifundishwa kubadili neno moja kwenye README, faili la maelezo ya mradi, na kutuma. Watunzaji wakafurikiwa na takataka, hadi DigitalOcean, waandaaji, wakabadili masharti mashindano yakiendelea: mradi usiojiandikisha kwa hiari yake hauhesabiwi.

Elewa kwamba ukituma kodi, kuna mtu anapaswa kusoma kila mstari, mara nyingi bure, usiku, baada ya kazi yake. Akikubali, wewe unaondoka, yeye anabaki nayo miaka. Ukibadili mpangilio wa faili zima, git blame, amri inayoonyesha nani aligusa mstari upi mwisho, inaonyesha jina lako kila mahali, na wenzako wenye matawi yao (matoleo wanayofanyia kazi pembeni) wanaanza kugongana na mabadiliko yako. Kwenye kerneli ya Linux, kiini cha mfumo endeshi huo, wameandika kabisa kwenye nyaraka zao: kila badiliko la kimantiki liwe na kiraka chake, yaani furushi lake la mabadiliko.

Kwa hiyo: uliza kabla ya kuandika. Chagua ishu moja, ndogo. Soma maoni yake yote hadi la mwisho, uone kama kuna mtu ameshaishika. Tafuta kwenye ishu nyingine jina la hilo faili unalotaka kuligusa (mimi hili lingeniokoa kwa dakika chache, lakini nani alikuwa na dakika chache?). Halafu andika kwa ufupi: nimejaribu na hitilafu hii imetokea tena kwangu kwenye toleo fulani, inatokea hapa, nafikiri dawa ni kuangalia orodha tupu kabla ya kusoma vichwa vya safu, naweza kuitengeneza? Kisha subiri. Wakinyamaza, hamia mradi mwingine, hujapoteza kitu.

Wakikubali, soma faili la CONTRIBUTING, lenye utaratibu wa kuchangia mradi, zima huo upangaji wa kihariri, na kabla ya kutuma endesha git diff --stat, amri inayoorodhesha mafaili uliyobadili. Ukiona mafaili ambayo hukukusudia kuyagusa, yarudishe yalivyokuwa.

Hiyo Python uliyonayo inatosha. Weka hapa kiungo cha ishu uliyoichagua, tuisome pamoja kabla hujaongeza hata mstari mmoja.