Sanduku la Fundi Sauti: Kompresa imekamilika, lakini haibani

Barua nyingi za toleo hili zinazungumzia kifaa kimoja: kompresa (kifaa kinachobana, yaani kupunguza, sauti inapozidi kiwango) ya aina ya 1176 inayotumia FET, transista inayoongozwa na volti. Mhandisi wa sauti Bill Putnam aliitoa kule California mwaka 1967. Mchoro wa toleo lake la D ndio unaopendwa zaidi na mafundi wanaojiundia studio, kwa sababu vipuri vyake ni vya kawaida na bodi zake zinauzwa tupu. Tumezijibu barua hizo pamoja. Kabla ya kufungua kasha, chomoa waya ukutani na usubiri kapasita za pawa zishuke. Pima kwa mita kwanza, ndipo uguse.

Sauti inapita safi, nobu ya kuingizia na ya kutolea zinafanya kazi, ila hata nikifungua hadi mwisho haibani. Mshale wa mita umeganda kwenye sifuri. Nimeshabadilisha FET zote mbili bila mafanikio. Nifanye nini, wakuu? (Msomaji, Morogoro)

Rudisha FET zako za mwanzo, huenda hazina kosa lolote. Katika saketi hii FET inafanya kazi ya rezista inayoongozwa na volti. Imekaa kati ya njia ya sauti na graundi. Geti yake, yaani mguu unaoiongoza, inapewa volti hasi inayoifunga. Sauti ikizidi kizingiti, saketi ya udhibiti huigeuza kuwa volti chanya, na volti hiyo huisogeza geti kuelekea sifuri. FET ikifunguka, sehemu ya sauti inavujishwa kwenda graundi. Huko ndiko kubana.

Sasa tazama dalili zako. Kama laini ya volti -10 ingekufa, FET ingekuwa wazi muda wote na sauti ingetoka hafifu sana. Yako inatoka na nguvu zake, kwa hiyo FET imefungwa na imebaki hivyo. Ama volti ya udhibiti haifiki, ama geti imevutwa mbali mno upande wa hasi, ama miguu ya FET imekaa vibaya.

Anza na nobu ya ataki, inayopanga kasi ya kuanza kubana. Kwenye 1176 nobu hiyo ina swichi inayobofya mwisho wa kushoto, na swichi ikiwa imebofya, ubanaji umezimwa. Waya zake zikigeuzwa, kompresa hubaki imezimwa kila mahali isipokuwa pale unapodhani umeizima. Kisha hakikisha kitufe kimoja cha uwiano (ukali wa kubana) kimebonyezwa: 4, 8, 12 au 20. Vyote vikiwa juu, haibani.

Bado? Ingiza toni ya hezi 400 ya takriban volti 0.775. Tumechagua 400 kwa makusudi, maana mita nyingi za bei nafuu zinapima volti za AC vizuri hadi hapo tu. Kwa hezi 1,000 zinaweza kukudanganya. Weka mita kwenye DC, waya mweusi kwenye graundi na mwekundu kwenye geti ya FET ya sauti, halafu fungua nobu ya kuingizia polepole. Volti hasi inatakiwa ipungue, mfano kutoka -2.5 kwenda -1.8. Ikiwa haitikisiki, hamia AC ufuate toni kutoka kikuza cha kwanza, upite swichi ya uwiano, hadi kwenye dayodi mbili za saketi ya udhibiti. Pale inapopotea ndipo penye lehemu baridi (isiyoshika vizuri) au kipuri kibovu. Ikifika kwenye dayodi na geti bado haisogei, angalia mistari ya dayodi hizo. Zikiwekwa kinyume zote mbili, volti inayozalishwa ni hasi, nayo inaifunga FET zaidi badala ya kuifungua. Kosa hili ni la kawaida, na halitoi moshi wala kelele.

Geti ikisogea lakini sauti haishuki, tatizo ni trima ya bayasi, kirekebishi kidogo cha volti hasi ya geti. Zima ubanaji kwa nobu ya ataki. Zungusha trima hadi upande ambao sauti iko juu kabisa, maana yake FET imefungwa. Rekebisha nobu ya kutolea mita ya kompresa isome +1. Sasa irudishe trima taratibu hadi mita isome 0, yaani sauti imeshuka desibeli 1. Iache hapo: FET iko mlangoni tayari kufunguka. Ukiishusha zaidi unapoteza sauti na kuongeza mkwaruzo. Ukiiacha juu, ubanaji unachelewa kuanza, au hauanzi kabisa.

Mita irekebishwe mwisho. Ipeleke kwenye hali ya kuonyesha ubanaji, kisha uisawazishe isome sifuri bila sauti. Halafu, ubanaji ukiwa umezimwa, panga kutolea ipatikane volti 2.45. Washa ubanaji bila kugusa nobu nyingine isipokuwa ya kuingizia na ya kutolea inapobidi, na kila ukibadilisha mojawapo, zima tena upime upya. Unatafuta hali ambayo ukizima unasoma 2.45 na ukiwasha unasoma 0.775. Hiyo ni tofauti ya desibeli 10, basi trima ya mita izungushwe mshale usome -10. Rudi ukague sifuri, kwa kuwa trima hizi mbili zinavutana, na urudie hadi zote zitulie.

Kompresa yangu ni kimya asubuhi na mchana. Ikifika saa mbili usiku inaanza kuvuma. Nimebadilisha kebo zote. (Msomaji, Mombasa)

Saa hizo umeme wa mtaa mara nyingi hushuka, na tunaamini regyuleta yako (LM317, kipuri kinachotuliza volti za pawa) inakosa volti za kutosha. Piga hesabu. Transfoma ya 30 V kwenye umeme wa 230 ikipewa 180 inatoa 23.5 V. Zidisha kwa 1.414 upate 33.2, toa 1.4 ya dayodi za kunyoosha, zinabaki 31.8. LM317 inayotakiwa kutoa 30 inahitaji iingiziwe takriban volti 2 hadi 3 zaidi ya inazotoa. Mawimbi yaliyobaki kwenye kapasita yakigusa chini ya kiwango hicho, yanapita moja kwa moja kwenye sauti.

Hakikisha kwa kusikiliza. Mvumo wa regyuleta iliyoishiwa ni wa hezi 100, una makali kama nyuki. Mvumo mzito na laini wa hezi 50 unatokana na mambo mengine: transfoma ya pawa iliyokaa karibu na transfoma ya kuingizia sauti, au njia mbili za graundi. Usiku pima volti mbele na nyuma ya LM317 kwa wakati mmoja na volti za ukutani.

Dawa ni transfoma ya 35 V au stabilaiza mbele ya kifaa. Ukichagua ya 35 V, kumbuka kwamba umeme ukipanda na mzigo ukiwa mdogo unaweza kupata zaidi ya volti 50 kwenye kapasita, hivyo ile ya 50 V iondoke, weka ya 63 V. LM317 nayo iwe na kipande cha kupoozea. Kwa wanaounda upya, rezista ya omu 240 na ya kilo-omu 5.6 zinakupa volti 30 na nusu hivi, na hizo zinafaa.

Neno moja kwa yeyote anayepambana na mvumo: usikate waya wa ethi wa ukutani. Unaondoa kelele na unaacha kasha la chuma likisubiri hitilafu ya kumuua mtu. Wavu wa kebo ya sauti ndio unaoweza kuachwa bila kuungwa upande mmoja.

FET za 2N5457 hazipatikani madukani kwetu. Muuzaji ananipa 2N3819 anasema ni ileile. Na je, ni lazima FET ziwe pacha? (Msomaji, Nairobi)

Si ileile. Kwenye 2N5457 geti iko mguu wa pembeni. Kwenye 2N3819 geti iko katikati. Ukiichomeka bila kupinda miguu, haitafanya kazi. Njia salama zaidi leo ni MMBF5457, toleo lake dogo la kulehemu juu ya bodi, likiwekwa kwenye kibodi cha kubadilishia miguu. Miguu mingine miwili, dreni na sosi, inabadilishana bila tatizo. Geti ndiyo usiikosee.

Kila FET ipimwe kabla ya kulehemu, kwa sababu bandia ni nyingi. Mita kwenye dayodi, waya mwekundu kwenye geti: isome 0.6 hadi 0.7 kwa miguu yote miwili iliyobaki. Kati ya dreni na sosi upate mamia kadhaa ya omu, ukigeuza waya iwe vilevile. Ukipata dayodi mbili lakini kati ya hiyo miguu miwili hakuna kitu, umeuziwa transista ya kawaida iliyoandikwa jina jingine.

Kuhusu upacha, FET ya pili iko kwenye saketi ya mita, inaiga ile ya sauti ili mshale useme kweli. Zikitofautiana, sauti haiharibiki; mita tu inasoma vibaya. Kwa kompresa moja usijinyime usingizi. Kwa jozi ya stirio ni tofauti kabisa: FET mbili za sauti lazima zilingane, la sivyo sauti ya katikati itakuwa inayumba kushoto na kulia kila ngoma inapopigwa.

Kuzichagua, chukua betri ya volti 9, dreni kwenye chanya, geti kwenye hasi, na rezista ya mega-omu 1 kutoka sosi kwenda hasi. Pima volti ya sosi. Hiyo ni karibu sawa na volti ya kuifunga FET. Kwa aina hii inaruhusiwa kuwa popote kati ya 0.5 na 6, ndiyo maana unanunua 10 au 20 ili upate jozi. Tafuta zilizo kati ya 1.5 na 3, zinazopishana kwa 0.05 au pungufu. Ukiishika kwa vidole inapata joto na kipimo kinabadilika. Iache ipoe ndipo usome.

Gitaa la besi linakwaruza nikibana, sauti ya mwimbaji iko sawa. (Msomaji, Lubumbashi)

Waya mnene wa besi ni hezi 41, wimbi moja linachukua karibu milisekunde 24. Ataki ya 1176 ni mikrosekunde 20 hadi 800, na rilizi (muda wa kuachia baada ya kubana) ya haraka kabisa ni milisekunde 50. Kifaa kinaanza kufuata umbo la wimbi lenyewe badala ya ukubwa wa sauti, na huo ndio mkwaruzo. Peleka rilizi kwenye 1 na ataki kwenye 1 au 2. Kwenye kifaa hiki namba 7 ndiyo haraka na 1 ndiyo polepole, na wengi huelewa kinyume.

Ukibaki na mkwaruzo hata kwa rilizi ndefu, zima ubanaji ucheze kwa kiwango kilekile. Mkwaruzo ukibaki, kosa liko kwenye kikuza cha kutolea. Ukiisha, kagua kapasita na rezista zinazorudisha nusu ya sauti ya dreni kwenye geti. Kazi yao ni kunyoosha FET, na lehemu baridi hapo inatosha kuharibu kila noti nzito.

Nianze na ipi, hii au kompresa ya LA-2A ya valvu? (Msomaji, Arusha)

Hii. Ndani ya LA-2A kuna mamia ya volti za DC, na kapasita zake zinaziweka hata baada ya kuchomoa. Kama ladha yake ya kubana kwa mwanga ndiyo unayoitaka, funga LED na LDR (rezista inayobadilika kwa mwanga) zikitazamana ndani ya mpira mweusi usiopitisha mwanga, uziendeshe kwa betri. Inabana polepole na kwa upole, na haiwezi kukuua.