Maswali ya Bunduki za Kale: Wekeni Msasa Chini

*Baba mkwe ameniachia bunduki ya Kimarekani, Winchester Model 1873, hapa Texas. Fundi anasema akiipaka rangi upya itapanda bei. Nimpe?*

Mkimbie. Ni swali la nne la aina hii tangu Ramadhani. Model 1873 zilitengenezwa zaidi ya 700,000, kwa hiyo ukongwe pekee haukupi kitu. Anayejua hutafuta rangi ya kiwandani, ile buluu ya chuma, hata ikibaki kivuli tu kwenye kona. Kupaka upya huanza na msasa, na msasa ukishapita, maandishi yanafifia, kingo zinakuwa butu, na hakuna fundi atakayezirudisha. Pangusa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Basi.

*Luger, bastola ya Kijerumani, ya 1917 ni adimu?*

Hapana. Angalia kama namba zilizogongwa kwenye vipande vyake zinalingana, ndipo uniandikie.

*Eti Singer wa cherehani walitengeneza bastola?*

Ndiyo, M1911A1 za jeshi la Marekani, mwaka 1941, 500 tu. Remington Rand, wale wa taipureta, walitoa bastola hiyohiyo zaidi ya 800,000. Ukifyatua, hutasikia tofauti. Mnadani ni mbingu na ardhi. Ndiyo maana matapeli hufuta jina la kiwanda kingine na kuchonga Singer. Muuzaji akianza na hadithi ya babu yake kabla ya kukuonyesha namba, aga uondoke. Na cherehani ya mama yako haihusiki, tafadhali.

*Nina Martini-Henry, bunduki ya Kiingereza, ya ukoo, hapa Muscat. Ina nakshi za fedha, taji, herufi V.R. na mwaka 1907.*

V.R. ni chapa ya Malkia Victoria wa Uingereza, naye alifariki Januari 1901. Sasa 1907 nani alikuwa akigonga chapa yake? Hiyo ni kazi ya mafundi wa kuiga bunduki wa Khyber, mpakani mwa Afghanistan. Soma neno ENFIELD, jina la kiwanda cha Uingereza, polepole; mara nyingi N huwa imegeuzwa. Usihuzunike: fedha ya kitako, kama ni kazi ya masonara wa Oman, huenda ikazidi bei ya bunduki yenyewe. Ila usithubutu kuifyatua. Chuma chake hakijulikani, na uso ni mmoja.

*Gobore la babu, Songea, lilipigana Majimaji. Bei gani?*

Kila gobore ninaloletewa lilipigana Majimaji. Una kibali? Bila kibali swali la bei halipo, kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na haijali babu alikuwa nani. Anzia polisi. Halafu, katika picha naona umelipaka vanishi. Kwa nini?