Seva ya bure ya kufanyia mazoezi

SWALI: Ninasoma kompyuta hapa Masasi. Nina simu ya Android tu, kadi ya benki sina. Nitapata wapi seva ya bure ya kujifunzia amri za Linux? Msomaji, Masasi

JIBU: Simu inatosha, na bando litaliwa kidogo kwa sababu yanayopita ni maandishi matupu. Pakua Termux (programu inayokupa dirisha la kuandika amri) kutoka F-Droid, duka la programu huria, uandike `pkg install openssh` ili upate ssh, amri ya kuingia kwenye seva ya mbali.

Anza na Bandit ya OverTheWire, mazoezi yanayopanda ngazi kwa ngazi bila kujisajili:

`ssh bandit0@bandit.labs.overthewire.org -p 2220`

Nywila ni bandit0. Haionekani unapoiandika; hiyo ni kawaida. Wengi hukwama kwa kusahau `-p 2220`, maana ssh yenyewe hugonga mlango (port) wa 22.

Ukitaka uwanja wako mwenyewe, fungua Google Cloud Shell, mashine ya Linux ya mbali, kwenye kivinjari kwa akaunti ya Gmail. Unapewa GB 5 za kuhifadhi na saa 50 za matumizi kwa wiki. Hifadhi kazi ndani ya `$HOME` (folda yako binafsi) tu. Programu ulizosakinisha nje yake hupotea kipindi kikiisha, na usipoingia kwa siku 120 hata `$HOME` hufutwa.

SDF, seva ya umma iliyoanza 1987, nayo ni nzuri (`ssh new@sdf.org`), ila inaendesha NetBSD, ndugu wa Linux lakini si Linux, hivyo `apt`, amri ya kusakinisha programu, hutaikuta.

Muunganisho ukikatika kila ukinyamaza kidogo, mtandao wa simu ndio unaofunga njia isiyotumika. Ongeza `-o ServerAliveInterval=60` kwenye amri ya ssh. Na tafadhali, usitumie seva hizi kupekua seva za watu: akaunti hufungwa.