Maswali na majibu: dawa zinazomkwamisha kiwavi akijivua ngozi

Juzi nimepiga mahindi dawa ya metoksifenozaidi, viwavijeshi vamizi bado wazima. Nimeuziwa feki? (Mbozi)

Si lazima. Dawa hii haiangushi mdudu papo hapo. Kiwavi akishaila huacha kula ndani ya saa chache, ila hufa baada ya siku kadhaa, na kwenye baridi huchelewa zaidi. Usihesabu mizoga. Fungua moyo wa mhindi, pale katikati majani machanga yanapochipukia: kinyesi kikiwa kimekauka na jani jipya halina tundu, dawa imefanya kazi.

Kinachomuua hasa ni nini? (Njombe)

Kiwavi hujivua ngozi kwa amri ya homoni iitwayo ekdisoni. Ikipanda, ngozi mpya huanza kujengeka chini ya kuukuu. Kisha lazima ishuke ndipo ya zamani ivuliwe. Metoksifenozaidi hushika palepale panaposhikwa na ekdisoni, lakini haibanduki upesi. Kiwavi huanza kujivua kabla ya wakati wake, halafu hukwama. Mtazame kichwani: gamba la kichwa cha zamani limeteleza mbele likaziba mdomo, na nyuma yake kuna kichwa kipya, cheupe, laini. Hapo hatafuni tena. Huishiwa maji na njaa humalizia.

Lufenuroni si ndiyo hiyohiyo? (Ilula)

Hapana, ingawa madukani huchanganywa. Lufenuroni haiigi homoni yoyote. Huzuia kaitini, malighafi ya ngozi, hivyo ngozi mpya hutoka dhaifu na kupasuka. Kwenye lebo tafuta namba ya kundi, inayoonyesha dawa inauaje: 15 ni lufenuroni, 18 ni metoksifenozaidi. Ukizungusha dawa kukwepa usugu, badili namba, si jina la kopo. Piriproksifeni, kundi 7, huiga homoni ya utoto. Kwa viwavi tusingeishauri, maana anaweza kubaki kiwavi na kuendelea kula.

Niweke kiasi gani kwa bomba la lita 15? (Mufindi)

Pima kwanza kwa maji matupu kwenye mita 10 kwa 10. Zikiisha lita 3, eka (kama mita za mraba 4,000) itataka lita 120, yaani mabomba 8. Tuseme lebo inataka mililita 120 kwa eka: kila bomba linapata 15. Elekeza moyoni mwa mhindi, kwani lazima dawa iliwe. Piga majani yakiwa bado na vidirisha vyeupe, yaani alama ambazo kiwavi mdogo amekwangua jani bila kulitoboa. Kiwavi mkubwa ameshajificha ndani na madhara ameshafanya.

Kinyungu changu, bustani ya bondeni, kiko kando ya kijito. Nipige dawa ipi? (Kilolo)

Achana na lufenuroni hapo. Ni sumu kali kwa kaa na wadudu wa majini. Na dawa yoyote iwe, bomba lisioshwe kijitoni.