Spika za nyuma zisizo na waya: kwanza nionyeshe soketi zako

Juzi mdogo wangu kaniuliza wasapu, kaka ninunue homu thieta yenye spika za nyuma zisizo na waya au nibaki na za waya? Nikamwambia nitumie picha ya sebule. Akatuma picha ya tivii. Nikamwambia hapana, geuka, piga ukuta wa nyuma ya kochi, nataka nione soketi ziko wapi. Akaona namtania, ila mimi hilo somo nimelilipia ada.

Mimi yangu nilichukua Kariakoo, enzi hizo nimepanga Sinza, nyumba vigae mwanzo mwisho na mwenye nyumba ambaye hata msumari wa kalenda lazima mkae kikao. Waya wa kukatiza mlangoni haukuwezekana, watoto wangejikwaa na mama yao angenitoa mimi kabla hajatoa waya. Kwa hiyo nilipoona boksi limeandikwa wayalesi nikajua nimepona. Nafungua nyumbani, nakuta spika mbili za nyuma na kiboksi. Kumbe kiboksi ndio kinapokea sauti hewani, halafu kutoka hapo waya mmoja unaenda spika ya kulia mwingine kushoto, na chenyewe kinataka umeme wa ukutani! Yaani kilichopungua ni ule waya wa kutoka mbele kuja nyuma tu basi. Zile za bei iliyochangamka kila spika inajitegemea, lakini nayo ina plagi yake, kwa hiyo sasa unatafuta soketi mbili badala ya moja. Za betri zipo, chache, na kuchaji ni juu yako.

Sasa hapo ndio penye mtego. Spika za nyuma zinatakiwa zikae ubavuni mwako zikirudi nyuma kidogo, juu kidogo ya masikio. Ila ukishakuwa na plagi, soketi ndio inaamua. Yangu ilikuwa moja tu, nyuma ya kochi kona ya kushoto, basi spika zote mbili zikaishia kuegemea huko, helikopta ikipita kwenye muvi inapita upande mmoja tu kama daladala.

Halafu kukawa na muujiza. Kila ikifika saa moja jioni spika za nyuma kimya. Nikalaumu waifai, nikahamisha ruta, nikarudisha mipangilio ya kiwandani, wiki mbili. Kumbe dada wa kazi akimaliza kazi zake anachomoa kiboksi anachaji simu, na kwa haki kabisa, maana hiyo ndio soketi pekee ilikuwa huru. Ukinunua hizi spika waambie watu wa nyumbani ile plagi ni ya nini.

Mikwaruzo ilikuwa kesi nyingine. Kiboksi kilikuwa kinatumia masafa ya 2.4 gigahezi, yale yale yanayogombaniwa na waifai nyingi na bluetooth, na maikrowevu nayo inavujisha kidogo hapo hapo. Mtu akipasha ubwabwa jikoni, nyuma kunakwaruza. Nilikitoa sakafuni nikakipandisha kwenye kabati kionane na mashine ya mbele, ikapungua sana. Mpya nyingi zinatumia 5 gigahezi, kuna utulivu zaidi, ila hazipendi ukuta wa tofali wala mtu mnene kukaa katikati.

Na usije ukajitengenezea yako kwa vile vidude vya bluetooth, nilijaribu. Bluetooth ya kawaida inachelewesha sauti, milisekunde 150 ni kitu cha kawaida kabisa. Sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde, piga hesabu, ni mita 50 hivi, yaani umekaa golini na spika yako ya nyuma iko katikati ya uwanja. Mlango unafungwa mara mbili. Zile zilizotengenezwa maalumu kwa homu thieta hazina shida hiyo.

Cha kuangalia dukani ni ndoa. Spika za nyuma za Samsung haziongei na saundibaa (ile spika ndefu inayokaa chini ya tivii) ya LG, na hata kampuni moja siyo kila modeli inakubali. Moja ikifa na modeli imeshatoka sokoni, umebaki na pambo. Ya waya ikifa unatafuta nyingine yenye om (kipimo cha ukinzani wa spika) zinazoendana, maisha yanaendelea.

Na jiulize unaangalia nini. Kama ni muvi za kutafsiriwa na YouTube, nyingi sauti yake ni chaneli mbili, kulia na kushoto basi, spika za nyuma ama zinanyamaza ama zinarudia tu yanayosemwa mbele. Hapo sabufa nzuri na spika mbili zinakutosha, hela nyingine nunua kochi.

Kwangu nilipojenga nilimwambia fundi apitishe bomba la waya kabla ya plasta, waya wa milimita za mraba 1.5 na mchezo ukaisha. Ila kama umepanga, na una soketi kulia na kushoto kwa nyuma, zisizo na waya chukua bila wasiwasi, ukihama unahama nazo.

Dogo picha kaileta jioni. Soketi moja, ina ekstensheni, kwenye ekstensheni kuna friji, pasi na chaja tatu. Nikamwambia chukua za waya, pitisha chini ya kapeti ukiambaa na ukuta. Kajibu, kaka, kapeti sina.

Bado tunajadiliana.