Jibu: Programu ya kuendeshea kampuni ya reli

Waalaikum salaam kaka. Umeuliza kama programu ya biashara inayotumika madukani na hotelini hapa Malindi inaweza kufaa kampuni ya mabehewa uliyoajiriwa. Mimi nilishika stoo ya karakana ya mabehewa Mombasa kabla sijarudi nyumbani, na kwa niliyoyaona, nakuomba msiharakishe.

Muulize muuzaji swali moja: programu yake inajua kwamba ekseli, yaani mhimili wa chuma unaounganisha magurudumu mawili ya behewa, huhama? Behewa likiingia karakana, ekseli yenye magurudumu yaliyolika hutolewa, huchongwa upya, kisha aghalabu hufungwa kwenye behewa jingine. Kumbukumbu zikishikamana na namba ya behewa peke yake, hutajua ekseli ile imechongwa mara ngapi wala imebakiwa na unene gani. Sisi tulikuwa tukiziandika namba kwa chaki. Mvua ya masika ikipiga usiku, asubuhi mafundi wawili wanabishana juu ya chuma kimoja, na hapo ni roho za watu tunazozungumzia.

Halafu stoo itenganishe vipuri kwa upana wa njia. Reli ya zamani ni milimita 1,000, reli mpya ya SGR ni 1,435, na ekseli za njia hizi mbili haziingiliani.

Ankara za eTIMS, ule mfumo wa ankara wa mamlaka ya kodi ya Kenya, na mishahara, programu nyingi zinaweza.

Kabla ya kulipa, mpeni fundi wa zamu aijaribu wiki nzima, chini ya behewa, mtandao ukiwa umekatika. Akirudi kwenye daftari lake, tafuteni nyingine.