Jibu: Mtoto anaonekana kama mwanasesere kwenye picha yangu ya pasteli

Habari mkuu. Umesema kwenye picha yako ya pasteli (vijiti vya rangi kavu kama chaki) mama ametoka vizuri, ila mtoto anaonekana kama mwanasesere aliyebandikwa kifuani, na ngozi zao zimekuwa na rangi ya matope. Nimehangaika sana na hayo yote mawili.

Kabla ya kugusa sura, angalia mkono wa mama. Mtoto ana uzito. Vidole vinavyomshika vizame kidogo kwenye paja lake, nyama ijae pembeni ya kidole, na hapo katikati weka mstari mwembamba wa kivuli chenye joto, kahawia inayoelekea wekundu. Usitumie nyeusi. Mimi nilifuta nyuso mara nne kabla ya kugundua kwamba kosa lilikuwa kwenye kidole gumba tu!

Matope yanatokana na kusugua. Ukisugua kwa kidole kila mara, rangi zinachanganyika na vishimo vidogo vya karatasi vinajaa. Pangusa unga uliozidi kwa brashi kavu, kisha weka mistari mipya juu yake bila kuisugua.

Tafuta pia picha za pasteli za Mary Cassatt, Mmarekani aliyezaliwa 1844 na kufanya kazi Ufaransa. Nyingi ni za mama na mtoto. Nyuso amezilainisha, lakini nguo mara nyingi ameziacha na mistari ya haraka inayoonekana wazi, hivyo jicho linakwenda moja kwa moja pale mashavu yanapogusana. Ukisharekebisha mkono, weka picha tena hapa tuione.